Mikono ya Mchonga Jiwe la Kinu

Thirza Luscombe alikuwa na hasira ya miezi kumi na minne. Hakuimwaga, hakuitupa. Aliitunza kama mtu anavyotunza chachu ya mkate, akiilisha kidogo kidogo kila Jumanne na Alhamisi, siku ambazo watoto wa shule walikuja kukiona kinu.

Kinu cha Yarnley husaga kwa nguvu ya maji mpaka leo, na unga wake huuzwa mlangoni kwa mifuko ya kilo. Watoto hufika saa nne asubuhi na basi, wamevaa vizibao vya manjano, wawili wawili wameshikana mikono, na kabla hawajavuka daraja wawili wao wameshalowa miguu. Thirza, mwanamke wa miaka sitini na tisa, huwapokea na aproni yake yenye unga na sauti ya kushinda gurudumu.

"Haya, nyie vifaranga! Nani ataniambia mawe haya mawili yanasaga vipi?"

"Yanagusana!"

"Yakigusana yanatoa cheche tuungue wote, na mwalimu wenu awe wa kwanza. Hayagusani. Yanakaribiana tu, katikati inapita karatasi. Na hii mifereji mnaiona? Ndiyo inayokata ngano. Ikilika, unga unatoka wa moto na unanuka. Basi jiwe la juu linanyanyuliwa, linalazwa chali, na mtu analala ubavu juu yake na kishoka cha chuma, anagonga. Tik, tik, tik. Wiki nzima anagonga, jiwe moja hilohilo."

Watoto hapo hukunja pua. Wiki nzima! Ndipo Thirza huwasogeza karibu, akapunguza sauti, kwa maana hapa ndipo alipokuwa amewataka tangu asubuhi.

"Zamani wachonga mawe walitembea kwa miguu kutoka kinu hadi kinu wakitafuta kazi. Unadhani mwenye kinu aliwauliza cheti? Thubutu! Aliwaambia maneno mawili tu: onyesha mikono. Kwa sababu chuma kikigonga jiwe, vichembe vya chuma vinaruka na kuingia kwenye ngozi, huku nje ya mkono wa kushoto, ule unaokaa mbele karibu na makali. Vikiingia havitoki. Unazikwa navyo. Sasa akija mtu anajigamba kwamba yeye fundi, na mikono yake safi, huyo ni nani?"

"Mwongo!"

"Anafanywa nini?"

"Anapewa mkate, anaonyeshwa barabara!"

Waliigiza hayo kama mchezo. Mmoja mwenye kinu, mmoja fundi, wengine wote wakipiga kelele, onyesha mikono, onyesha mikono, mpaka mwalimu anaziba masikio. Kisha lazima mtoto mmoja aombe kuona vichembe vya kweli, na Thirza hunyoosha mkono wake wa kushoto wenye nukta za buluu, kama mtu aliyenyunyiziwa wino.

"Kumbe wewe ndiye uliyechonga?"

"Mimi? Wapi! Mume wangu ndiye aliyechonga. Mimi nilikuwa namshikia taa tu, vikanirukia."

Jibu hilo alikuwa amelitoa kwa miaka thelathini na mitano, upesi hivyohivyo, hata yeye mwenyewe hakulisikia tena.

Sasa nikwambie hasira ilitoka wapi. Kinu hiki kilikuwa kimekufa, popo wamekihamia, hadi Ambrose Luscombe, mume wa Thirza, seremala asiyependa maneno mengi, alipokifufua. Alitumia majira mawili ya baridi kuchonga yale mawe. Alipomaliza alipaka ubao rangi nyeupe, akaandika kwa nyeusi, "A. Luscombe alichonga mawe haya," akaupigilia misumari juu ya ngazi. Ubao ukakaa hapo, na Ambrose akazeeka chini yake, akafa.

Hata majani hayajaota vizuri juu ya kaburi, ubao ukatoweka. Desmond Fairclough, mwenyekiti wa kamati ya kinu, alisema umeondolewa kwa ajili ya kupaka ukuta rangi. Fairclough ni mtu mrefu mwenye sauti ya kusomea taarifa ya habari. Wakati wa ufufuo alikuwa anaandika barua za kuomba misaada, na alikuwa akija kinuni Jumamosi mara mojamoja, na koti lake jeupe, akisimama mbali na vumbi. Basi rangi ikapakwa, ikakauka, ubao haukurudi. Badala yake kikatoka kikaratasi cha wageni: mawe ya Yarnley yalichongwa kwa mkono na D. R. Fairclough. Waliojua ukweli walikuwa wamekufa, au wamehamia kwa watoto wao, na nyumba zao zimenunuliwa na watu wa London wanaokuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Nani angebisha?

Thirza alibisha. Alisimama kwenye kikao cha kamati na kile kikaratasi mkononi.

"Desmond, huu ni uongo. Mawe alichonga Ambrose."

"Thirza, mpenzi," Fairclough alimjibu, taratibu, kama anayembembeleza mgonjwa. "Huzuni inachezea kumbukumbu. Ambrose alisaidia, nani anakataa? Alikuwa anabebabeba vitu."

"Anabebabeba vitu!"

"Una karatasi yoyote? Picha? Barua?"

"Nilikuwepo mimi!"

"Ulikuwepo, kweli kabisa. Ulikuwa unatuletea chai. Chai nzuri sana, naikumbuka mpaka leo."

Wajumbe wakacheka, si kwa ubaya, na mtu akapitisha sahani ya biskuti. Thirza alichukua moja kwa kukosa la kufanya, akatoka nayo, na alipofika nyumbani akakuta ameisaga yote kiganjani. Alisimama kwenye sinki akinawa makombo, na hapo ndipo alipoziona zile nukta za buluu. Akawaza mikono ya Ambrose. Ile ilikuwa imejaa, toka vidoleni hadi kwenye kifundo, na sasa iko chini ya udongo wa kanisa pamoja na ushahidi wote. Alilia kwa uchungu, kisha akaacha kulia ghafla, kwa sababu wazo lilikuwa limemjia.

Onyesha mikono. Yeye akisema, ni mjane mwenye wivu na kumbukumbu mbovu. Lakini akisema mtoto? Mtoto huwezi kumpa biskuti akanyamaza. Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Thirza alianza kwenda pole Jumanne iliyofuata.

Kwa miezi kumi na minne hakuna darasa lililoondoka Yarnley bila ule mchezo. Hakumtaja Fairclough hata mara moja. Akikutana naye darajani alimwamkia, akamuuliza hali ya goti lake, na usiku alilala vizuri, ndiyo, vizuri kabisa, akijua kwamba kila wiki watoto thelathini wanarudi majumbani na yale maneno mdomoni.

Machi ya mwaka uliofuata akaja yule aliyekuwa akimsubiri bila kumjua. Clemency Pugsley, miaka tisa, miwani mikubwa, kutoka shule ya Bickworth. Kabla ya saa tano alikuwa ameshamuuliza dereva wa basi kwa nini anapumua kwa mdomo, na mwalimu wake kama ni kweli ameachwa na mchumba. Mwalimu Penhale, msichana mpole, alikuwa hana tena damu usoni.

"Nisamehe, Bi Thirza. Huyu akishika neno haachi."

"Haachi kabisa?"

"Mwaka jana alimwandikia askofu barua sita."

Thirza alimtazama yule mtoto kama mwindaji anavyomtazama mbwa mpya. Clemency naye alikuwa ameukamata mkono wake wa kushoto, anahesabu nukta, midomo ikimcheza.

"Thelathini na saba," alisema. "Na taa ulikuwa unaishika kwa mkono upi?"

"Ee, nenda ukachekeche unga wako, wenzako wanakuacha."

Wiki ileile Fairclough alimsimamisha darajani. Kibao kimekamilika, alisema, kibao cha jiwe la sleti, si ubao wa misumari. Kitazinduliwa Alhamisi moja ya mwezi Mei, mbele ya Bi Ottery, mkuu wa halmashauri, na mpiga picha wa gazeti.

"Nitafutie darasa, Thirza. Watoto wenye sura nzuri, wakae mbele kwenye picha."

"Ninalo darasa," Thirza alisema. "Tena zuri, Desmond. Utalipenda."

Siku yenyewe jua lilikubali kutoka. Meza zilipangwa uani, na vikate vya skoni, krimu, jamu na mabirika ya chai. Watoto wa Bickworth walikuwa wameoka mikate midogo asubuhi kwa unga wa kinu, na kila mmoja alikuwa na wake, wa moto, kwenye mfuko wa karatasi. Waliketi chini mbele, vizibao vya manjano vikiwaka. Ukutani kibao kilikuwa kimefunikwa kitambaa cha kijani. Thirza alisimama pembeni, karibu na mlango, na birika mkononi, maana kazi ya chai alikuwa amepewa yeye. Nani mwingine?

Fairclough alizungumza muda mrefu. Alieleza historia, akawashukuru wafadhili, akajishukuru kwa njia ya mzunguko. Kisha akaweka mikono nyuma na kuangalia mbali.

"Majira mawili ya baridi, mabibi na mabwana. Nililala juu ya jiwe lile na kishoka changu, peke yangu, baridi inanikata. Watu waliniuliza, Desmond, unapata wapi moyo?"

Mkono ukanyooka mbele. Mwalimu Penhale akaushusha. Ukanyooka tena.

"Maswali baadaye, binti," alisema Fairclough.

"Ah, mwache mtoto aulize," alisema Bi Ottery, mama mnene mwenye kofia ya majani makavu, ambaye tayari alikuwa amechoka na hotuba. "Si ndio wenye kinu hawa wa kesho?"

Clemency akasimama, akasukuma miwani juu.

"Bwana Fairclough, onyesha mikono."

Watu wakacheka. Fairclough naye akacheka kidogo. "Samahani?"

"Ndiyo sheria. Mchonga mawe akifika kinuni anaonyesha mikono. Tunataka kuona vichembe vyako."

Na watoto thelathini, ambao walikuwa wamekaa kimya dakika arobaini na hawakuwa na lingine walilolitamani duniani, wakadaka maneno yale. "Onyesha mikono! Onyesha mikono!" Walipiga kelele, wakapiga miguu chini. Thirza hakusogea. Ile raha, acha nisiseme uongo, ilikuwa inamshuka kooni tamu kuliko jamu.

"Vimetoka siku nyingi," alisema Fairclough, mikono bado nyuma.

"Havitoki. Unazikwa navyo," alisema Clemency.

"Nilivaa glovu, mtoto mzuri."

"Ukivaa glovu vichembe vinaruka kwenye kifundo. Tuonyeshe kifundo."

"Nani amewafundisha mambo haya?" Fairclough aliinua kichwa, macho yakamfikia Thirza mlangoni, na Thirza akamwinulia birika kidogo, kama anayemuuliza, nikuongezee?

"Waonyeshe tu, Desmond," alisema Bi Ottery. "Si watoto hawa? Inakugharimu nini?"

Wakati mwingine mtu hana pa kutokea. Mpiga picha alikuwa ameshainua kamera. Fairclough alitoa mikono, akakunja shati juu ya vifundo, akaipindua. Ilikuwa ya waridi, laini, imepakwa mafuta, hakuna doa wala kovu.

"Safi kabisa!" alipiga kelele mtoto mmoja.

"Ya kuandikia barua!" alisema mwingine.

"Apewe mkate aende zake!"

Na kabla Mwalimu Penhale hajamwahi, kijitoto kimoja cha mstari wa mbele, ambacho hakikuwa na kisasi na mtu yeyote na kilikuwa kinafuata tu mchezo kama kilivyofundishwa, kikaenda kikauweka mkate wake kwenye kiganja cha mwenyekiti. Kikanyoosha kidole kuelekea barabarani. Uwanja mzima ukaangua kicheko, mpaka wale wa London. Fairclough alisimama na mkate mkononi, uso umemwiva.

"Ngoja," alisema Bi Ottery, na yeye sasa hakuwa anacheka. "Desmond, hukuchonga wewe?"

"Niliratibu... kwa maana pana..."

"Basi nani alichonga?"

Hapo ndipo alipopasubiri. Jibu la swali lile Thirza alikuwa amelilalia na kuliamkia kwa miezi kumi na minne. Akatua birika mezani, akajifuta mikono kwenye aproni, akasogea mbele ili wote wamwone.

"Mume wangu," alisema. "Marehemu Ambrose Luscombe."

Watu wakaanza kupiga makofi. Clemency hakupiga. Alikuwa bado amesimama.

"Lakini Bi Thirza, mbona wewe unavyo thelathini na saba?"

"Nilikuambia, mwanangu. Nilikuwa namshikia taa."

"Kwa mkono upi?"

"Kwa... wa kulia."

"Vichembe viko wa kushoto. Nje. Ule unaokaa mbele karibu na makali." Mtoto aliinamisha kichwa, bila ubaya, akitaka tu hesabu imkubali. "Ulitufundisha mwenyewe. Mshika taa anasimama mbali."

Makofi yalikuwa yamekoma. Gurudumu nyuma ya ukuta lilikuwa linazunguka na kumwaga maji yake. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Thirza alijikuta ndani, mbele za watu mia moja, hana pa kushika.

Akaikumbuka baridi ile ya pili. Mgongo wa Ambrose ulikuwa umekataa, hawezi kulala ubavu hata dakika tano. Ni Thirza aliyekuwa juu ya jiwe, wiki baada ya wiki, miaka thelathini na minne umri wake, midomo imekauka kwa vumbi, na Ambrose ndiye aliyekaa kwenye kigoda na taa. Kisha zinasikika hatua za wageni darajani. "Thirza, inuka upesi. Weka chai." Ambrose anamnyang'anya kishoka, kipini bado kina joto la mkono wake, na wageni wanapoingia wanamkuta Ambrose amekishika. Kazi nzuri, Luscombe! Ambrose anaitikia kwa kichwa. Hakusema "sisi" hata siku moja. Na ule ubao mweupe ambao Thirza ameulilia machozi yote haya, "A. Luscombe alichonga mawe haya," kopo la rangi alilishika nani? Yeye. Alimshikia kopo hadi akamaliza nukta ya mwisho.

Alimpenda Ambrose. Alimpenda, na alikuwa na hasira naye, na hasira hiyo hakuwahi kuiita jina lake. Sehemu ya ile chachu haikuwa ya Fairclough hata kidogo.

"Jiwe la juu alilianza Ambrose," alisema Thirza, na sauti yake ilipanda, ile ya kushinda gurudumu. "Mgongo ulipomshinda nikalimaliza mimi. Jiwe la chini lote ni langu. Kila mfereji. Mume wangu ndiye aliyenishikia taa."

"Nilijua!" alisema Clemency, akaketi.

"Jamani, sasa hii nayo," Fairclough alianza, "hatuwezi kila mtu akasimama na kudai—"

"Desmond," alisema Bi Ottery, "kula mkate wako."

Hakuula. Alivuka daraja nao mkononi mbele ya watoto wote, na picha hiyo ndiyo iliyotoka gazetini.

Kibao hakikutupwa. Sleti ni jiwe la thamani, na Jory mchongaji, mzee wa kijijini, alisema ni dhambi kuliharibu. Kitageuzwa, alisema, achonge upande wa pili, kisha kirudishwe kwa saruji. Thirza aliomba saruji iwe nyingi. Jina la D. R. Fairclough lipo mpaka leo kinuni Yarnley, limechongwa vizuri sana, na linatazama ukuta.

Jory alikuja jikoni kwa Thirza na penseli sikioni na kipande cha karatasi. Thirza alikuwa ameketi. Chai aliiweka Jory mwenyewe, kwa kuwa aliambiwa birika lilipo.

"Thirza na Ambrose Luscombe," alisema Jory akiandika. "Au Ambrose na Thirza? Kwa kawaida mume ndiye anayetangulia, mama. Na yeye ni marehemu. Lipi nilianze?"

Thirza aligeuka kuitazama picha ya Ambrose juu ya kabati.

"Anza na langu," alisema. "Yeye atanisubiri. Mimi nilimsubiri nimesimama, na birika mkononi."